Biskuti ya Mwanakheir

Mimi nlipo nnapajua mwenyewe, sihitaji kitu cha plastiki kije kunambia. Ndivyo nlivyomwambia Dokta Muhannad siku ya mwanzo, mbele ya darasa zima, na yeye akatabasamu kwa adabu, tabasamu la mtu aliyesoma ng'ambo akimtazama mtu aliyebakia mtaani kwake Malindi, hapa Unguja. Tokea siku ile sikumwamini yeye, na mashine yake sikuiamini zaidi.

Watu husema nna dhana mbaya. Sikatai. Mama yangu, Bi Riyama, anapika udi wa kuuza, na nyumbani kwetu mtu akileta kipande cha udi akasema ni kizuri, kwanza kinanuswa, halafu ndiyo anajibiwa. Nimekulia humo. Hata mtu akinambia asubuhi njema nnataka kujua anataka nini.

Mwaka wenyewe ni 2006. Nlikuwa nshasomesha skuli ya msingi mpaka nimechoka na vumbi la chaki, nikarudi chuo kutafuta diploma ya ualimu, mtu mzima na akili zangu, nnakaa dawati moja na wasichana wanaoniita Dada Shemsa. Chuo chetu kilikuwa ndani ya jumba la zamani la Mji Mkongwe, lenye ua katikati na kuta za mawe nene hata simu hazishiki vizuri. Ndipo alipokuja Muhannad na mradi wake. Alisema chuo kitakuwa kinajua kila mwanafunzi yuko wapi na anahitaji nini, halafu kitamsaidia pale pale alipo, bila ya yeye kuuliza.

Tukapewa kila mtu kibeji cheupe cha duara, kinene kidogo, na kwa umbo lake tukakiita biskuti. Juu ya kila mlango kikaning'inizwa kisanduku cheusi chenye taa nyekundu, hicho tukakiita popo. Ukipita chini ya popo na biskuti yako, popo keshakujua. Ukiingia maktaba, kompyuta ya maktaba inakufungulia kile kitabu ulichokiacha jana. Ukenda maabara ukasimama mbele ya meza, kioo cha kompyuta ya pale kinaandika: Endelea ulipoishia. Na ulipoishia panakuja. Majina hayakuwa yakiandikwa kiooni, maana Mkuu wa Chuo, Bwana Ayoub, hakutaka majina ya watoto wa watu yaonekane ovyo ovyo.

Vijana walifurahi. Mimi nlikuwa nikipita chini ya popo nnamtazama, na nnahisi ananitazama. Nani anakaa huko nyuma anasoma kuwa Shemsa kenda chooni mara ngapi? Nlimuuliza Muhannad. Akasema hakuna mtu anayesoma, kompyuta inaweka tu. Inaweka ya nini, kama hakuna atakayesoma? Hapo akaangalia saa yake.

Chumba kimoja tu hakikutiwa popo, nacho ni chumba cha wanawake cha kusalia, kule ghorofani mwisho wa ukumbi. Bwana Ayoub alisema humo popo haingii hata kwa dawa, na kwa hilo nlimshukuru. Kilikuwa chumba kidogo chenye majamvi, bomba la kutilia udhu, na misumari ukutani ya kutundikia mabuibui. Tukiingia tunavua, tunatundika, tunatia udhu, tunavaa kanga za kusalia. Tukimaliza, kila mtu anavuta buibui anakwenda zake. Mabuibui yote meusi, na zaidi ya nusu yameshonwa na fundi yule yule wa Darajani.

Na biskuti tuliibana hapo hapo kwenye buibui. Wanaume waliibana kwenye mfuko wa shati, sisi kifuani mwa buibui. Muhannad mwenyewe ndiye aliyetwambia, ibaneni kwenye nguo ya juu mnayokuja nayo kila siku. Tukabana. Mtu mmoja tu alikataa, naye ni Bi Kulthum, karani wa mitihani, mwanamke wa makamo, mwenye heshima zake. Alisema yeye si mbuzi hata atiwe alama. Basi akawa anapita milango yote na popo hamwoni.

Siku moja nlikwenda maabara, nikasimama mbele ya meza yangu ya kemia, kioo kikanifungulia fizikia. Fizikia mimi siisomi na wala sina haja nayo. Nikamwita Muhannad.

"Dokta, mashine yako inanikomoa."

"Mashine haimkomoi mtu, Bi Shemsa," alisema. "Inakupa ulichokuwa unakisoma."

"Sikuwa nnasoma hii."

"Labda umesahau. Mashine haisahau."

Nilipandwa na hasira. Nikajua ananilipiza kwa maneno yangu ya siku ya mwanzo. Kesho yake nikaona kemia yangu imerudi, nikazidi kuamini kuwa kuna mtu nyuma anachezea. Sikumwambia mtu ila Mwanakheir.

Mwanakheir ndiye mwenye hadithi hii. Alikuwa msichana wa kisiwa cha Tumbatu, binti wa Mzee Kificho, ambaye yeye na marehemu baba yangu walijuana bandarini. Kwa hivyo alipopata nafasi chuoni hakupangishwa chumba, aliletwa kwetu Malindi na kikapu cha samaki wakavu, mama akasema huyu mwanangu. Msichana mkimya, anayekula polepole, na katika kemia hapana aliyekuwa akimfikia. Skuli ya kwao ilikuwa haina mwalimu wa sayansi, watoto wanafika darasa la mitihani hawajaona hata chupa ya maabara. Kila Idi akenda kwao, wazee wakimwona njiani humuuliza neno moja tu: "Bado?" Naye hujibu: "Bado kidogo." Alikuwa amebakiza mtihani mmoja wa kemia na mafunzo ya vitendo.

Yeye mashine akiipenda. Alinambia, "Dada Shemsa, hii haichoki kunisomesha." Nikamwambia asiyechoka ana lake jambo.

Basi ikawa Jumatatu, wiki ya kabla ya mtihani. Baada ya adhuhuri tuliingia maabara. Mwanakheir akasimama mbele ya meza yake, kioo kikaandika Endelea ulipoishia, na chini yake yakaja masuala. Masuala mazuri, yamepangwa kwa nambari. Akayatazama, akafurahi.

"Leo imeniletea mazoezi mapya," alisema.

Na kwa kuwa yeye hakuwa na choyo, alichukua chaki akayaandika yote ubaoni, ili sote tufanye. Tulikuwa tumeinama tunafanya pale Bwana Mabrouk, mwalimu wetu wa kemia, alipochungulia mlangoni. Alisoma ubao, akasogea, akasoma tena.

"Nani kaandika haya?"

"Mimi, mwalimu," alisema Mwanakheir, tena kwa furaha, akidhani atasifiwa.

Yalikuwa ni masuala ya mtihani wa Bwana Mabrouk. Neno kwa neno. Alikuwa ameyatunga kwa mkono, akampa Bi Kulthum ayachape, na hayajaonwa na mtu mwengine yeyote.

Tulitolewa maabara, mlango ukafungwa. Mwanakheir akaitwa kwa Mkuu, akakaa huko mpaka karibu na alasiri. Alipotoka hakuwa akilia, uso umekauka tu. Alisema wamemuuliza kayapata wapi, kasema mashine imempa. Bwana Ayoub akamwita Muhannad. Muhannad akasema mashine haiwezi kumpa mtu kitu cha chumba ambacho hajakiingia, ndiyo kazi yake, inamfuata mtu na yale aliyokuwa nayo karibu. Halafu akafungua kompyuta yake, akatafuta. Akawageuzia kioo. Biskuti ya Mwanakheir ilikuwa imeingia chumba cha mitihani wakati wa adhuhuri, ikakaa humo kitambo, ikatoka. Hakuna biskuti nyengine iliyoingia siku ile.

"Mimi chumba kile sijapata kukikanyaga," alinambia.

"Uliwaambia hivyo?"

"Niliwaambia. Wakaniuliza, basi ulikuwa wapi adhuhuri?"

"Ulikuwa wapi?"

Akatazama chini. "Chumba cha kusalia."

"Basi si umesema?"

"Sikusema." Akavuta buibui lake usoni. "Dada Shemsa, twende nyumbani."

Kamati ya nidhamu ilipangwa kukaa Alkhamisi, na kila mtu alijua itaamua nini. Mwenye kukamatwa na mtihani anafukuzwa, na akifukuzwa hapana chuo chengine cha serikali kitakachompokea. Siku zile, kila nikimtazama nlikuwa nnawaona wazee wa Tumbatu wamekaa, wanasubiri mwalimu.

Na ntasema kweli, nlimdhania. Nitafanyaje, ndivyo nlivyo. Mtu kaulizwa alikuwa wapi, hataki kusema. Kama ulikuwa mahali pa kusalia, kuna aibu gani kusema? Nlikaa juu ya kitanda changu nikimwangalia akikunja nguo zake, nikawaza, mtoto mkimya huyu, nani anajua ndani mna nini. Labda Bwana Mabrouk mwenyewe kampa. Labda kuna kijana kampa ufunguo. Usiku ule nlimsikia anajigeuza, na mimi sikumwambia neno, na yeye akajua kwa nini simwambii.

Jumanne jioni alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Unanidhania," alisema.

"Nakudhania, ndiyo. Niambie nisikudhanie."

"Nilikuwa sisali siku ile."

Nikaweka mwiko chini. Mwanamke akimwambia mwanamke mwenziwe sisali, hapana haja ya kuuliza zaidi.

"Tumbo lilikuwa linaniuma hata siwezi kusimama," alisema. "Nikavua buibui nikalitundika, nikajilaza kule nyuma ya pazia kwenye majamvi yaliyokunjwa, usingizi ukanichukua. Wenzangu wamesali wametoka, mimi sijui. Niliamka kimya, nikavaa, nikaja maabara. Sasa niwaambie nini wale wanaume? Nisimame mbele ya Bwana Ayoub nimwambie nilikuwa hedhini nimelala mahali pa kusalia? Baba yangu akiitwa nimwambie nini?"

Akalia sasa, kwa sauti ndogo. Mimi moyo uliniuma, nikaona vibaya hasa. Nikamkumbatia, na uso wangu ukafika begani kwake, kwenye ukosi wa buibui. Nikanusa.

Nikanusa tena.

"Mwanakheir, umejifukiza?"

"Nijifukize na nini?"

Kweli. Hakuwa na udi. Mama akimpa humpelekea mama yake Tumbatu. Na haukuwa udi wetu wa nyumbani, ule nnaujua kwa miaka yote. Huu ulikuwa mzito, umeshika shingoni na mabegani, pale mwili unapopata joto.

"Livue," nlimwambia.

Nikalipeleka kwa mama uani. Sikumwambia chochote, nikamwekea mapajani tu. Bi Riyama akalishika ukosi, akafumba macho.

"Huu wangu," alisema. "Una zafarani nyingi na hauna sandali. Sandali inampa chafya." Akafungua macho. "Hili buibui la Bi Kulthum limekujaje hapa?"

"La Mwanakheir hilo, mama."

"Basi kalivaa Bi Kulthum. Udi huu nnampikia yeye peke yake."

Nikakaa kitako pale pale ardhini. Fizikia. Siku ile ya fizikia nlikuwa nimetoka kusali nina haraka, nikavuta buibui la mwanzo lililonijia mkononi, na jioni tukabadilishana na Lamya wa darasa la fizikia mlangoni kwa kucheka, kama tunavyofanya kila siku. Nani anahesabu kitu hicho? Unataka kushuka mara moja kwenda kununua kashata, unavaa lililo karibu, ukirudi unalitundika. Hujaiba, hujaazima, wala humwambii mtu. Na biskuti iko pale kifuani, inakwenda na buibui.

Ikawa sasa dhana yangu imehama, imekwenda kwa Bi Kulthum, na huko ikakaa kitako. Mwanamke aliyekataa biskuti. Mwenye funguo za mitihani. Anavaa buibui la mtoto wa watu lenye biskuti, anaingia chumbani, anatoka, na mashine inasema Mwanakheir. Nikasema huyu anauza mitihani, na kamchagua msichana wa shamba asiyekuwa na wa kumtetea. Nikajiambia ndiyo maana hataki alama, mwizi gani anataka alama. Mama alinikataza. "Usimvunjie mtu heshima yake kwa pua yangu," alisema. Nikamwambia heshima ya Mwanakheir nayo ni ya nani.

Jumatano nlimpitia Bi Kulthum ofisini kwake makusudi.

"Shikamoo, Bi Kulthum."

"Marahaba, mwanangu."

Nikasimama. Akawa anapanga karatasi, kisha anazipangua.

"Kesho ni kamati ya Mwanakheir," nlimwambia.

"Nimesikia." Hakuninyanyulia uso. "Mungu atamfanyia wepesi."

Karatasi moja akaiweka juu chini. Nikaiona, nikaondoka nimeridhika.

Alkhamisi tukaingia. Bwana Ayoub mbele, Bwana Mabrouk kulia kwake, Dokta Muhannad kushoto na kompyuta yake. Pembeni, kwenye meza ndogo, Bi Kulthum, maana yeye ndiye mwandishi wa kamati. Mwanakheir alikaa mbele yao na mikono juu ya magoti. Mimi niliruhusiwa kama mkubwa wake wa nyumbani.

Muhannad akaeleza, kwa huzuni, nadhani kweli alikuwa na huzuni. Popo kamwona, kompyuta imeweka. Bwana Ayoub akamuuliza Mwanakheir kama ana la kusema. Mwanakheir akanigeukia mimi.

"Mimi nnalo," nlisema.

Nikainuka. Nilikuwa nimevaa buibui la Mwanakheir makusudi, na langu kavaa yeye. Nikamwomba Muhannad anifuate hapo maabara, mlango wa pili tu, na Bwana Ayoub naye akaja. Nikasimama mbele ya meza. Kioo kikaandika Endelea ulipoishia, na kwa kuwa masuala ya mtihani yalikuwa yameshafutwa, yakaja mazoezi ya Mwanakheir, magumu ambayo mimi siyawezi hata kuyasoma.

"Mimi ni nani?" nlimuuliza Muhannad.

Akaitazama biskuti iliyo kifuani mwangu.

Tukarudi kamatini. Nikawaeleza habari ya misumari. Nikasema Mwanakheir alikuwa anaumwa, amelala chumba cha kusalia, na buibui lake liko ukutani. Neno jengine sikulitaja, na Bwana Ayoub, mwenye mabinti wanne, akaitikia kwa kichwa na hakuuliza.

"Vizuri," alisema Bwana Mabrouk. "Lakini mtihani umetoka. Nani basi alilivaa akaingia?"

Nikalivua buibui, nikabaki na gauni langu na mtandio. Nikalichukua mpaka kwenye ile meza ndogo, nikaliweka juu ya karatasi za Bi Kulthum.

"Linuse, Bi Kulthum," nlimwambia. "Kisha uandike."

Kalamu yake ilisimama. Chumba kizima kikamwangalia. Alilishika buibui, hakulinusa, alilishika tu.

"Hapana haja," alisema. "Nlilivaa mimi."

Nikahisi nimeshinda. Nikageuka kumtazama Bwana Ayoub, nikingoja aite polisi.

"Nlikwenda kusali," Bi Kulthum akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nshavua, nshatia udhu, nikakumbuka sikufunga chumba. Mtihani nliuacha wazi kwenye kompyuta, nusu nshachapa. Nikavuta buibui lililo karibu nikakimbia. Nikaukuta kama nlivyouacha. Nikaona nimalizie kuuchapa kwanza, ili moyo utulie. Nikamaliza, nikafunga, nikarudi kusali. Nikalitundika buibui, nikavaa langu."

"Na kwa nini hukusema?" aliuliza Bwana Ayoub.

"Ningesemaje? Nlijua mtihani umeibiwa ule wakati nilipoacha mlango wazi. Nlijua ni kosa langu. Mimi ni mjane, kazi hii ndiyo ninayoishi nayo. Kila siku nlikuwa nnasema kesho ntasema."

Bwana Mabrouk akasema basi mwizi bado hajajulikana, kuna mtu aliingia mlango ukiwa wazi. Lakini Muhannad alikuwa amesimama. Alikuwa hatuangalii sisi, anaiangalia kompyuta yake.

"Bi Kulthum," alisema, "ulipokuwa unamalizia kuchapa, buibui ulikuwa umelivaa?"

"Nlikuwa nalo mwilini."

Akakaa. Akajipangusa uso kwa kiganja.

"Hakuna mwizi," alisema. "Kompyuta za vyumba vyote nimeziunganisha. Na ya mitihani pia, nlidhani haina madhara, kwani mwanafunzi hawezi kuingia mle. Mashine ilimwona Mwanakheir amekaa mbele ya karatasi ile anaisoma. Ikaona ametoka, masuala hajayajibu. Alipofika maabara ikamwekea."

"Ikamwekea mtihani," alisema Bwana Mabrouk.

"Ikamwekea alipoishia."

Mimi nlikuwa bado nimesimama katikati ya chumba, na ile dhana yangu ya mwizi wa mitihani imenifia mikononi. Bi Kulthum akawa analia kimya, akijifuta kwa ncha ya mtandio.

"Nina dada watatu," alisema Muhannad polepole. "Wanabadilishana mabuibui tokea nimepata akili. Mama akipiga kelele kila siku nani kachukua langu. Nimekua ndani ya kelele hizo."

Bwana Ayoub akamgeukia Mwanakheir. Akamwambia hana kosa, kesi imekwisha, mtihani utatungwa mwengine na atafanya na wenzake. Akamwomba radhi, mbele yetu sote. Akamwambia anaweza kwenda.

Mwanakheir hakwenda. Aliinuka, akamwendea Bi Kulthum, akalichukua buibui lake kutoka mezani.

"Ningelikupa, Bi Kulthum," alisema. "Ungeniamsha ukaniomba, ningelikupa kwa mikono miwili. Lakini jana uliniona nnalia pale ngazini, ukapita."

Bi Kulthum akainamisha kichwa.

Mwanakheir akaibandua biskuti kifuani mwa buibui, taratibu asije akachana kitambaa, akaiweka mbele ya Muhannad, juu ya kompyuta yake.

"Na mimi nlikuwa nnafurahi, Dokta. Nlikuwa nnamwambia Dada Shemsa kuwa kuna kitu kinanijua, kinajua nimefika wapi. Kumbe muda wote ulikuwa unalisomesha buibui."

Akalivaa juu ya langu, akafunga, akatoka. Mimi nikamfuata mbio, na gauni langu tu, mpaka nje barabarani, watu wananitazama.